Jaji wa kupigiwa kura: mnasemaje kuhusu Roy Moore wa Alabama?

Wakuu, jana mmoja wetu aliandika kuwa Marekani wametuzidi kwa sababu kwenye majimbo mengi majaji hupigiwa kura, hivyo wanamwogopa mwananchi. Sawa. Mimi naleta Roy Moore, tubishane.

Alabama jaji hugombea kwa tiketi ya chama, anachangisha hela na kubandika mabango kama diwani. Moore akiwa jaji wa kaunti ya Etowah alitundika mahakamani kibao cha Amri Kumi alichokichonga kwa mkono wake. Akashtakiwa kwa kuchanganya dini na mahakama ya serikali, na kesi ndiyo ikamjengea jina. Mwaka 2000 akachaguliwa Jaji Mkuu wa jimbo. Mwaka uliofuata, tena usiku, akaingiza jiwe la granaiti la karibu kilo 2,400 lenye amri hizo kwenye ukumbi wa jengo la mahakama, Montgomery. Majaji wenzake wanane hawakuwa na habari. Mahakama ya shirikisho ikaamuru liondolewe, akagoma. Agosti 2003 likasukumwa chumba cha ndani huku wafuasi wake wakisali nje, na Novemba akavuliwa ujaji.

Basi 2012 wapiga kura wakamrudisha kiti kilekile! 2016 akasimamishwa bila mshahara, safari hii kwa kuwaelekeza majaji wa mirathi, ambao ndio hutoa leseni za ndoa, waendelee kuzuia ndoa za jinsia moja ilhali Mahakama ya Juu ya nchi ilishaziruhusu.

*Jibu:* Mkuu, unamwonea. Watu wa Alabama hawakudanganywa, jiwe walilijua na wakamchagua hivyohivyo. Na jaji anayeteuliwa na gavana hana bwana? Tena bwana wake ni mmoja tu, gavana mwenyewe.

*Mleta mada:* Hapo umenibana kidogo. Lakini aliyemng'oa mara zote mbili ni chombo cha nidhamu ya majaji, si kura. Kura zilimkataa alipoutaka ugavana, 2006 na 2010, ndani ya chama chake mwenyewe cha Republican, na useneta 2017, akiwa na tuhuma za udhalilishaji wa kingono alizozikana. Alishindwa na Doug Jones wa Democratic kwa kura kama 22,000. Yaani kwa siasa walimwona hafai, kwa ujaji anafaa. Mnanielezea vipi hiyo?

*Jibu:* Jimbo la Missouri, tangu 1940, kwa majaji wa mahakama za juu kamati hupeleka majina matatu, gavana anateua moja, baadaye mwananchi anaulizwa tu: abaki au aondoke? Hakuna mpinzani, hakuna chama. Moore angepitia wapi?