Mdogo wangu amegoma kuuza dagaa kwa hasara, nimwambieje?

MamaPasiansi:
Habari zenu wadau. Mimi na mdogo wangu tuna biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mtaji tumechanga nusu kwa nusu. Yeye ananunua na kukaa stoo, mimi nina duka langu. Magunia tuliyochukua visiwani kwa 180,000 sasa wateja wanayataka kwa 130,000. Nikisema tuuze, ananijibu, "Dada, siuzi chini ya bei niliyonunulia. Itarudi tu."

Kinachonichosha ni kwamba mzigo wa Musoma, uliokuwa na faida, aliuachia kwa mteja wa kwanza aliyetaja bei. Wenye faida haulali stoo, wenye hasara umeota mizizi. Marejesho ya kikoba nayo hayasubiri. Na kijana kasomea uhasibu, hesabu anazijua kuliko mimi. Nimwambieje bila kugombana?

MchumiWaIgoma:
Pole dada. Uhasibu hausaidii hapo, hata wenye hisa zao Marekani wako hivyohivyo. Shefrin na Statman waliliandika jambo hili mwaka 1985: mtu anauza upesi kilichopanda na kung'ang'ania kilichoshuka. Mwaka 1998 Terrance Odean akapekua akaunti 10,000 za wateja wa kampuni moja ya udalali wa hisa, akakuta ndivyo wanavyofanya. Tena zile za faida walizoziuza, kwa wastani, zilikuja kufanya vizuri kuliko za hasara walizobaki nazo.

Mzizi wake uko kwa wanasaikolojia wawili wa Israeli, Kahneman na Tversky, kwenye makala yao ya 1979. Waliwauliza watu: upoteze 3,000 kwa uhakika, au ucheze bahati nasibu yenye asilimia 80 ya kupoteza 4,000 na asilimia 20 ya kutopoteza kitu? Asilimia 92 wakachagua kucheza, ingawa ukipiga hesabu wastani wake ni hasara ya 3,200. Swali lilipogeuzwa kuwa la kupata badala ya kupoteza, asilimia 80 wakachukua 3,000 yao mkononi. Ndiye mdogo wako huyo. Faida anaiwahi, hasara anaichezea kamari. (Kahneman alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2002, mwenzake alishafariki 1996.)

Usimuulize kama muuze kwa hasara, atakaza shingo. Muulize hivi: "Ungekuwa na 130,000 taslimu leo asubuhi, ungenunua gunia hilihili?" Akisema hapana, basi kuendelea kulitunza ni kulinunua upya kila siku.

KarabaiZiwani:
Mkuu umeongea, ila hisa hazifuati mwezi. Dagaa tunawavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika, mzigo unapungua sokoni na bei inanyanyuka. Kwa hiyo kusubiri siku kadhaa siyo ujinga. Muulize anasubiri nini: mbalamwezi, au ile 180,000 yake?

Halafu dada nenda mwenyewe. Fungua gunia la chini kabisa, lililogusa sakafu, uchote kiganja. Wakiwa bado wana rangi ya fedha na wanavunjika kwa mlio, mteja wa mboga yupo. Wakigeuka njano, wakawa laini na vichwa vinadondoka, hiyo ni bei ya chakula cha kuku, na hakuna mwezi utakaowarudisha.

BintiNyegezi:
Mnamsema kijana tu. Daftari la stoo nani analisoma? Si dada yake? Hakuna mdogo mtu anayependa kuandika hasara mahali dada yake atapitisha kidole. Mimi ningefunga ukurasa ule, nianze mpya kwa bei ya leo, ile 180,000 isionekane tena. Na mzigo ujao, kabla haujashushwa, mkubaliane tarehe ya mwisho ya kuuza muiandike juu ya gunia kwa maka peni. Bei ikishaanza kushuka hakuna makubaliano hapo, ni kelele tu.

MamaPasiansi:
Nimetoka Mwaloni sasa hivi. BintiNyegezi umenigusa, kweli daftari nalikagua kila Jumamosi. Nimemuuliza lile swali la taslimu, akacheka, akasema la juu angenunua, la chini asingeligusa. Tukafungua: ya chini yana unyevu kweli, harufu imeshabadilika. Hayo yanaondoka kesho. Ya juu nimemwachia hadi mbalamwezi hii, tarehe kaiandika mwenyewe.

Ila mtu wa chakula cha kuku anataka kulipa nusu, nyingine mwisho wa mwezi. Mnasemaje?

KarabaiZiwani:
Cash tu dada. Akikataa, wanunuzi wengine wapo palepale nyuma ya mizani.