Matango ya ndooni yanachanua lakini hayazai

Mpangaji wa Upanga:
Habari zenu, ndugu wakulima. Ninaishi ghorofa ya tatu hapa Upanga, Dar es Salaam, na kwa kuwa sina uwanja wa kulima nimepanda miche minne ya matango katika ndoo mbili za lita 20, nikaziweka sebuleni karibu na dirisha lenye wavu wa mbu. Mimea imepanda kamba hadi usawa wa pazia, na maua ya manjano yanafunguka kila asubuhi. Tatizo ni kwamba matango machanga, yakifikia urefu wa kidole cha mwisho, yanageuka manjano, yanasinyaa na kudondoka. Tangu wiki iliyopita kuna pia vidoa vyeupe kwenye majani ya chini. Nilidhani mimea ina njaa, nikaweka urea kijiko kimoja kila ndoo, nikaambulia majani zaidi.

Bibi Shamba Mstaafu:
Huo wavu wa mbu ndio unaokunyima matango, ndugu yangu. Tango la kawaida hutoa maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja, na chavua, yaani unga wa ua dume, hupelekwa kwenye ua jike na nyuki, ambao kwako hawana pa kuingilia; bila chavua hiyo tango changa husinyaa. Ua jike utalitambua kwa tango changa lililokaa nyuma yake, ilhali ua dume lina kikonyo chembamba kitupu. Asubuhi chuma ua dume lililofunguka siku hiyohiyo, ng'oa petali zake, kisha ligusishe taratibu katikati ya ua jike. Usingoje jioni, maana ua jike halina subira: hufunguka siku moja tu. Urea iache kabisa, kwa sababu naitrojeni iliyomo ndani yake ikizidi mmea huona raha ya majani na kusahau kuzaa.

Mzee wa Ndoo:
Naafikiana na Bibi Shamba, ila vile vidoa tusivipite. Ukivifuta kwa kidole vikatoka kama unga, hiyo ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Visipofutika, shika karatasi nyeupe chini ya jani na uligongegonge. Ukiona nukta ndogo zinazotembea, hao ni utitiri, vijidudu wanaofyonza majani, nao hustawi katika hewa kavu yenye joto. Osha majani upande wa chini, kisha jioni nyunyizia maji yenye sabuni kidogo ya mche, na urudie baada ya siku chache. Tena miche miwili kwa ndoo inabanana: udongo hukauka upesi, na tango linaloshinda na kiu huwa chungu.

Mpangaji wa Upanga:
Asanteni sana. Nukta zimetembea kwenye karatasi, tena nyingi. Leo nimehesabu maua dume manane na jike moja, nami nimelichavusha kabla ya kwenda kazini. Dirisha langu linatazama kusini; je, hilo nalo lina athari?

Bibi Shamba Mstaafu:
Lina athari kubwa. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la Dar es Salaam hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha lako hupata mwangaza tu, wakati tango huhitaji jua lenyewe kwa saa sita hivi kwa siku. Kama una chumba kinachotazama kaskazini, hamishia ndoo huko, lakini tibu utitiri kwanza usije ukahama nao.