Mjadala: Tunawafundisha watoto lishe, je, wanakula walichofundishwa?

Chaki Nyeupe (mleta mada)
Kamwene wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mufindi, mkoani Iringa. Wiki hii nilikuwa na kipindi cha lishe darasa la tano: makundi ya vyakula, mlo kamili, picha ukutani. Binti mmoja kachora sahani yake vizuri mno. Ugali, maharage, mchicha, yai, kipande cha papai. Nikampa 10 kwa 10. Kengele ya mapumziko ikagonga, namkuta getini ananyonya barafu ya mia, ile nyekundu inayopaka ulimi rangi. Namuuliza, kwenu mna kuku? Anajibu, "Wapo nane, ila mayai ni ya mnadani."

Takwimu za mwaka 2022 mnazijua: udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa watoto chini ya miaka mitano, Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, taifa zima 30. Na hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi! Sasa nauliza: kuna faida gani kumfundisha mtoto kupanga sahani ambayo hapangi yeye? Au shule zipike kwanza, somo lifuate?

Mgomba wa Tukuyu
Mwalimu, fundisha. Mimi mwanangu ndiye aliyenikataza kumwaga maji ya kuchemshia mboga. Nilimwona ana kiherehere, baadaye nikakubali. Huku kwetu ndizi zipo, maziwa yapo, parachichi zinaoza chini ya mti, ni elimu tu iliyokosekana. Na nyie wa Iringa mkiacha kuwapa watoto ulanzi, hiyo pombe yenu ya mianzi, nusu ya tatizo imeisha.

Mnyalukolo wa Kihesa
Nilijua tu. Mada ya lishe, mtu wa Mbeya lazima apitie kwenye ulanzi. Dada, ulanzi unagemwa masika. Udumavu ni wa mwaka mzima. Piga hesabu mwenyewe. Halafu takwimu hizo siziamini, nakumbuka Iringa tulikuwa arobaini na kitu.

Chaki Nyeupe
47.1, kaka. Hiyo ni ya 2018. Tumepanda, hatujashuka.

Mnyalukolo wa Kihesa
Bado haihusiani na ulanzi. Mtoto anapewa mtogwa kidogo, ulanzi mtamu wa asubuhi ambao haujachachuka, ni maji ya sukari tu.

Mgomba wa Tukuyu
Wa asubuhi, kaka yangu, ikifika jioni umeshachachuka, umekuwa mkangafu, na kibuyu ni kilekile. Nimeolewa Kilolo, hukohuko kwenu Iringa, miaka sita, usinifundishe.

Mnyalukolo wa Kihesa
Kumbe ni shemeji! Basi matusi ya shemeji tunayameza. Lakini na nyie semeni mnavyowaamsha watoto kwa chai ya rangi na kiazi kimoja, mpaka saa nane mchana.

Nesi wa Zamu
Naomba nirudi kwa mwalimu. Nipo kliniki ya mama na mtoto. Kimo cha mtoto kinaamuliwa zaidi katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inatungwa hadi anatimiza miaka miwili. Kwa hiyo somo la darasa la tano halitamrefusha huyo binti. Lakini miaka kumi ijayo anaweza kuwa mama, na aliyoyasikia leo ndiyo atakayoanza nayo. Tena siyo suala la chakula kuwepo. Mama anatoka alfajiri kwenda shamba, kichanga anabaki na dada yake wa miaka saba na uji mweupe wa sembe tupu, mara mbili kwa siku. Hakuna karanga, hakuna dagaa, hakuna maziwa. Hapo tuseme nini kwa kina baba?

Mnyalukolo wa Kihesa
Sasa na sembe nayo imekosa nini? Babu zetu wamekula ugali wakaishi miaka tisini.

Mashine ya Uyole
Babu yako alikula ya kutwanga, mkuu, siyo hii. Mimi nina mashine, nayaona kila siku. Mteja analeta debe, tunakoboa, kiini na ganda vinatoka vyote kama pumba, anabeba sembe nyeupe kama chaki. Pumba anampelekea nguruwe. Huku kwetu nguruwe ana lishe kuliko mwenye nguruwe. Nikimwambia mtu saga dona, bila kukoboa, ananijibu, "Ile ya jela?"

Mgomba wa Tukuyu
Dona inahitaji mahindi masafi lakini. Yakivunwa mabichi na kuanikwa chini yanaota kuvu wenye sumu, ndiyo sumukuvu, na ganda ndilo linaloibeba zaidi.

Mashine ya Uyole
Kweli, mama. Wengi wanaanika kwenye udongo mtupu, ukiwaambia tandika turubai wanakuona unajidai. Ila mahindi yaliyooza hata ukikoboa mara tatu siyo chakula.

Chaki Nyeupe
Wakuu, tumetoka kwa mtoto tumefika kwa nguruwe.

Njiapanda Makambako
Mwalimu usijifiche. Hizo barafu getini nani kaziruhusu? Nyie walimu mnafundisha mlo kamili ndani, nje wauzaji ni wake zenu. Tunawajua.

Chaki Nyeupe
Punguza jazba. Mke wangu anauza maandazi, hauzi barafu.

Njiapanda Makambako
HAHAHA. Amejitaja mwenyewe! Nilikuwa nabahatisha tu.

Mnyalukolo wa Kihesa
Mwalimu, hayo mafuta ya maandazi yanarudiwa mara ngapi? Tuambie kwa mujibu wa makundi ya vyakula.

Chaki Nyeupe
Yanabadilishwa. Na mshahara wa mwalimu mnaujua, sitajitetea zaidi. Wazazi wakiombwa debe la mahindi na kilo chache za maharage ili watoto wapikiwe makande, nusu hawaleti. Wanasema elimu ni bila ada. Hao watoto wanashinda na nini kama siyo hayo maandazi?

Nesi wa Zamu
Swali langu la kina baba hakuna aliyeligusa. Naona.

Njiapanda Makambako
Dada nesi, kina baba wako mnadani, wanauza mayai.

Chaki Nyeupe
Kwa taarifa yenu, tangu juzi mama watoto ameanza kuchemsha mayai auze pamoja na maandazi. Trei ameinunua kwa mama wa yule binti. Yai moja 500. Binti amekuja, ameangalia, ana mia yake mkononi. Amechukua andazi.

Mgomba wa Tukuyu
Mwalimu jamani, si ungempa tu?

Chaki Nyeupe
Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wengine thelathini.

Mashine ya Uyole
500 kwa yai la kijijini ni bei ya stendi hiyo. Kachumbari mnaweka lakini?