Baada ya Walenisi na Babu Alipofufuka, nisome nini?

Msomaji, Tanga:
Ndugu zangu, mwezi huu nimemaliza riwaya mbili. Katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, lakini anajifunza kukiendesha mpaka anatua katika nchi ya watu walio sawa. Mwanzo ulinishika vilivyo, ila akishatua maelezo yanarefuka kama hotuba. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) ilinitisha hasa: mzuka wa babu unamwandama K, kigogo wa serikali, naye hana pa kuukimbilia. Niliisoma usiku umeme umekatika, nikaacha kibatari kikiwaka hadi alfajiri. Sasa nisome ipi?

Mwalimu wa fasihi, Mombasa:
Kuhusu hotuba sikubaliani nawe, ndugu yangu, kwa kuwa jina lenyewe, yaani "wale ni sisi", limebeba hoja ambayo maelezo hayo ndiyo yanayoifumbua. Soma Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002).

Mwanafunzi, Dar es Salaam:
Shikamoo, mwalimu. Mimi ningependekeza Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990), kitabu chembamba ambacho mara ya kwanza nilikisoma kwa pupa nikatoka mikono mitupu, na ni mara ya pili tu, nilipokwenda ukurasa kwa ukurasa na kalamu mkononi, nilipoanza kuisikia hofu iliyomo.

Msomaji, Tanga:
Ahsanteni. Naanza na Nagona, kalamu mkononi.