Tupeane uzoefu: Viwanja vya Dodoma vilivyonunuliwa ili viuzwe

Mleta mada: Ndugu zangu, tangu Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma, na hasa baada ya mji wetu kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018 na ofisi za wizara kuanza kujengwa Mtumba, watu wengi wamenunua viwanja wasivyokusudia kuvijenga, bali kuvishikilia mpaka bei ipande. Habari za waliopata faida tunazipata kila siku kwa madalali. Naomba tuzungumzie waliohitaji fedha zao zirudi, kwa sababu naamini hatari kubwa kuliko ya bei kushuka ni ya kumkosa mnunuzi siku unayomhitaji.

Mdau wa Iyumbu: Nitaeleza yaliyompata shemeji yangu, ambaye ni mwalimu, kwa ruhusa yake. Alichukua mkopo unaokatwa kwenye mshahara, akanunua viwanja viwili vilivyopimwa, akitarajia kwamba kimoja kingelipa deni na kingine kingebaki kuwa faida. Makato yalianza mara moja, ilhali kiwanja kitupu hakina mpangaji wala mavuno, na kodi ya pango la ardhi kinadaiwa kila mwaka. Mama yake alipolazwa, akaamua kuuza. Dalali alimtajia bei iliyokuwa kwenye matangazo ya viwanja jirani, lakini kwa bei hiyo waliopiga simu hawakurudi. Ndipo tulipotambua kwamba karibu kila mwenye kiwanja katika kitalu kile alikuwa amenunua kwa nia ileile, hivyo wote walikuwa wauzaji wanaomsubiri mtu mmoja anayetaka kujenga. Aliuza kimoja kwa kiasi ambacho, ukihesabu riba aliyokwisha kulipa, hakikurudisha mtaji. Kwa maoni yangu bei ya tangazo haipaswi kuchukuliwa kuwa thamani. Ulizeni ni nani amelipwa, na kiasi gani.

Mdau wa Kisasa: Kwa upande wa nyumba za kupangisha, niseme kwa ufupi tu. Watumishi waliohamia walipandisha kodi miaka ya mwanzo, kisha baadhi ya wapangaji wangu wakajenga nyumba zao wenyewe na kuondoka. Mahesabu yaliyofanywa kwa kodi ya wakati ule yanaumiza waliojenga kwa mkopo.

Mdau wa Nala: Ndugu mleta mada, wengine hatukununua viwanja, tulinunua vipande vya mashamba kwa wenyeji, kwa maandishi yaliyoshuhudiwa na viongozi wa mtaa, tukitegemea kwamba upimaji ukifika thamani itapanda. Upimaji ulipofika, barabara na eneo la wazi vilipita juu ya sehemu ya kipande changu, na jirani yangu akakuta ndugu wa aliyemuuzia wakidai kwamba shamba lilikuwa la ukoo na kijana yule hakuwa na mamlaka ya kuliuza peke yake. Ninawahurumia pia wazee wenyeji, Wagogo, waliouza mapema kwa bei ndogo na sasa hawana pa kulima.

Mleta mada: Nashukuru sana kwa uwazi wenu. Niongeze jambo ambalo madalali hawalitaji: chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na anachopewa mwananchi ni haki ya kuimiliki kwa muda na kwa masharti, likiwemo la kuiendeleza. Kwa hiyo anayekiacha kiwanja kiwe pori akisubiri bei anajiweka katika hatari ya milki yake kufutwa. Yeyote anayetaka kununua afanye kwanza upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, aone jina la mmiliki na kama kuna rehani, kisha apeleke mpimaji athibitishe bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Waliofanikiwa kuuza hivi karibuni tunawaomba waeleze ilichukua muda gani kati ya kutangaza na kulipwa, na kama mnunuzi alikuwa mjenzi au naye alinunua ili auze.