Mpigo wa brashi kwenye litografia: wa msanii au wa fundi?

KalamuNyeusi:
Wakuu, nisaidieni. Natazama litografia za kidhahania (picha zinazochorwa juu ya jiwe kisha kuchapwa kwenye karatasi) za miaka ya 1950 na 1960, na kuna jambo linanitatiza. Mchoraji Willem de Kooning na wenzake walisifika kwa mkono wa kasi. Litografia nayo ina jiwe, asidi, gundi, rola, na mara nyingi anayechapa ni mtu mwingine. Sasa ule mpigo ninaouona kwenye karatasi ni wa nani?

MawenaWino:
Wa msanii, tena kuliko unavyodhani. Mimi nachapa kwa jiwe, kwa hiyo navutia kwangu.

Ukichapa kwa ubao, unauchonga, nao unakubishia. Alama inakuwa ya kisu. Jiwe la chokaa huchongi kitu. Unachora juu yake kwa krayoni ya mafuta au wino wa mafuta uliozimuliwa kwa maji. Halafu unapaka gundi ya mgunga yenye asidi kidogo, ili sehemu tupu zishike maji. Ukilowesha jiwe na kupitisha rola, wino unakaa penye mafuta tu. Hata kidole kilichogusa kwa bahati mbaya kitatokea (ndiyo maana wageni kwangu hukaa mbali na meza).

De Kooning huyo huyo, mwaka 1960 kule Berkeley, alichukua dekio la sakafu akapiga mawe mawili makubwa. Michirizi na matone yaliyoruka, yote yapo. Kama kuna mkono wa tatu, ni maji: wino mwepesi ukikauka hujikunja wenyewe kama ngozi ya chura, na hakuna anayeweza kuupangia.

Rola_Kavu:
Sawa, ila fundi usimfute. Asidi ikizidi, kijivu chepesi kinaungua na kupotea. Ikipungua, picha inajaa weusi. Maamuzi hayo ni yake. Robert Blackburn, aliyemchapia mchapishaji Tatyana Grosman tangu karakana ya Grosman ilipoanza Long Island, New York, mwaka 1957, alikuwa mwenyewe msanii wa litografia za kidhahania. Mafundi wa namna hiyo walikuwa adimu Marekani, ndiyo sababu msanii June Wayne alifungua karakana ya Tamarind mjini Los Angeles mwaka 1960, kwa fedha za Ford Foundation, ili wafundishwe.

KalamuNyeusi:
Nimeelewa. Na kugeuka je? Si picha inatoka kinyume?

MawenaWino:
Inatoka kinyume, na hapo ndipo kasi inapopata mtihani. Mpigo uliokwenda kulia unasomeka kwenda kushoto. Mchoraji Larry Rivers na mshairi Frank O'Hara walipotengeneza mfululizo wa litografia uitwao "Stones" kwa Grosman, O'Hara ilibidi aandike maneno yake kinyumenyume moja kwa moja kwenye jiwe.

Rola_Kavu, nakubali kuhusu asidi. Lakini mwaka 1963 jiwe la msanii Robert Rauschenberg lilipasuka likiwa mashineni, na la pili nalo likapasuka. Akaamua lichapwe hivyo hivyo, ufa mweupe ukikata picha kimshazari, vipande vilivyomeguka vikiwa chini. Ikaitwa "Accident", ikashinda tuzo kuu kwenye maonyesho ya chapa ya Ljubljana mwaka huo huo. Ule ufa mpe nani?

Rola_Kavu:
Mashine. Lakini aliyeuacha ni Rauschenberg.

MawenaWino:
Hapo sina ubishi. KalamuNyeusi, ukipata nafasi tazama chapa yenyewe kwa karibu. Kwenye skrini vile vijivu vyepesi havionekani.