Tufanyeje ili zoezi letu la usanifu la kila wiki litunoe kweli?

Msanifu wa Langoni (Lamu) ameuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Sisi ni kundi la marafiki hapa Lamu, baadhi yetu tukiwa wanafunzi, mmoja akiwa mwandishi wa mabango na majina ya mashua, na mwingine akitengeneza kadi za mialiko ya harusi. Tumejiwekea utaratibu kwamba kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri mmoja wetu hutoa mada katika kundi letu la WhatsApp, na kila mtu huwa na muda hadi Alhamisi usiku kuleta kazi yake, iwe imechorwa kwa penseli au imetengenezwa kwa simu au kompyuta. Nia yetu ilikuwa kujizoeza usanifu wa nembo, mabango, lebo na mambo ya namna hiyo, kwa kuwa wengi wetu tunatarajia kupata riziki kwa kazi hiyo.

Shida ni kwamba mada zetu huwa neno moja tu, kama vile "bahari", "subira" au "mji wetu", na wiki baada ya wiki tunaletewa jahazi lenye jua linalotua nyuma ya tanga. Sina ugomvi na jahazi, ila sioni ni ujuzi gani unaoongezeka kwa kulichora tena. Maoni yanayotolewa nayo ni "mashaallah" na kidole gumba, kisha tunangoja Ijumaa nyingine, na baadhi ya wenzetu wameanza kutega. Naomba ushauri wa waliowahi kuendesha jambo kama hili: mada zitungweje, je, inafaa tupige kura ya kumpata mshindi, na je, ni sawa kuzitumia nakshi za milango, zidaka (vishubaka) za kutani na urithi mwingine wa pwani kama malighafi ya mazoezi?

Mpiga Chapa wa Malindi amejibu:

Waalaykumu salaam ndugu yangu wa Langoni. Mimi nafanya kazi katika duka la uchapishaji hapa Malindi, kwa hivyo nitasema kwa upande wa kazi inayolipiwa. Neno "bahari" humwachia mchoraji uhuru wote, na mtu mwenye uhuru wote hurudia kile anachokiweza tayari. Nyinyi mnataka kujifunza usanifu, na usanifu huanza pale mteja anapokuwepo na mambo fulani yanapokatazwa.

Chukulia mada hii: mama mmoja anauza achari ya embe katika chupa ndogo na anataka lebo ya upana wa milimita 90 na kimo cha milimita 50; anaweza kugharamia rangi mbili tu; jina la bidhaa lisomeke na mtu aliyesimama upande wa pili wa meza; uzito, viungo na tarehe ya mwisho wa matumizi viwemo. Hapo jahazi halina pa kuingilia. Mshiriki atalazimika kuamua herufi zipi zitakuwa kubwa na zipi zitapungua, wapi paachwe wazi, na rangi ya pili itumike kwa kazi gani, na maamuzi hayo ndiyo mteja anayoyalipia. Kisha mtakapokaa kuzitazama kazi mtakuwa na kipimo cha kuzipimia, kwa kuwa lebo ama inasomeka kutoka upande wa pili wa meza ama haisomeki.

Jambo la pili ni kuchapa. Simu huonyesha rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mashine ya chapa hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi, na ile samawati inayong'aa kwenye kioo cha simu hutoka imefifia ukiiona juu ya karatasi. Wateja huja dukani kwetu wakiwa na hasira kwa sababu hiyo hiyo. Basi angalau mara moja moja zichapeni kazi zenu kwenye karatasi ya A4 ya kawaida, zikiwa na nukta 300 kwa inchi, mzibandike ukutani na mzitazame kwa mbali. Na mnapotumiana faili kwa WhatsApp tumeni kama hati, kwa maana ikitumwa kama picha hubanwa na kupoteza ubora, kisha mtu akalaumiwa kwa ukungu usio wake.

Kama mnataka mada moja itakayowatosha kwa wiki kadhaa, basi mnayo nyumbani, nayo ni kanga. Kanga ina pindo, mji (yaani sehemu ya katikati) na jina, na kila sehemu ina ugumu wake. Pindo sharti lizunguke pembe nne bila kukatika wala kubanana. Mji lazima upendeze hata nguo ikiwa imejifungwa na kukunjwa, kwa sababu mvaaji hauonyeshi wote kwa mara moja. Jina nalo ni kazi ya herufi tupu: msemo mrefu au mfupi, unaokaa ndani ya ukanda mwembamba na kusomeka wakati mtu anatembea. Nguo yenyewe ni takriban sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo chora kwa uwiano huohuo. Wiki ya kwanza fanyeni pindo peke yake kwa nyeusi na nyeupe, inayofuata mji, kisha jina, na mwishoni mwunganishe na kutia rangi. Kwa kuwa zamani majina ya kanga yaliandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya hizi za Kilatini kuenea, mwenye hamu anaweza kujaribu hati zote mbili; fonti ya Amiri ni ya bure na inasomeka vizuri. Programu pia si kikwazo, maana Inkscape na Krita hazilipishwi.

Fundi wa Nakshi (Lamu) amejibu:

Wanangu, nimefurahi kusoma haya. Nami nitasema la kwangu kuhusu nakshi, kwa sababu naona vijana wengi wanapiga picha ya mlango, wanaiweka kwenye kompyuta na kuifuatisha mistari, wakadhani wameijua. Mwanafunzi anayekuja karakana hakabidhiwi patasi siku ya kwanza. Hukabidhiwa bikari, rula na karatasi, na hukaa navyo mpaka mkono ujue.

Jaribuni hivi kwa wiki moja. Piga duara, kisha bila kubadilisha upana wa bikari weka ncha juu ya mzingo na utembeze kutoka alama hadi alama: utapata vituo sita barabara na kurejea ulipoanzia. Kutokana na vituo hivyo hutoka ua la petali sita, nyota, pembesita na mnyororo wa maua unaoweza kuendelea hadi mwisho wa ubao. Masharti ya zoezi yawe kwamba hakuna kinachochorwa kwa kukisia, kila mstari uwe na asili yake kwenye duara. Atakayelimaliza hilo hatahitaji kunakili mlango wa mtu, kwani atakuwa na uwezo wa kutunga nakshi yake.

Halafu wiki nyingine tembeeni mtaa wa Mkomani hapa Lamu mkatazame milango bila simu mkononi. Mtaona kwamba miimo, kizingiti cha juu na mfaa wa katikati ndivyo hubeba nakshi, ilhali mbao za mlango wenyewe mara nyingi zimeachwa tupu. Fundi hakuchoka wala hakukosa mti. Aliziacha hivyo ili jicho lipate mahali pa kutua, na mfaa uonekane. Na zidaka katika nyumba za kale ni hivyo hivyo: safu kwa safu za vishubaka vilivyotiwa nakshi ya chokaa, na kila kimoja ndani yake ni uwazi. Naona kwenye mabango ya siku hizi kila kipembe kimejazwa kitu, hata sehemu ya kupumulia hakuna. Zoezi lenu moja liwe kutengeneza bango ambalo nusu yake haina kitu kabisa, na bado mpita njia alielewe.

Jambo la mwisho, nakshi husomeka kwa kivuli. Mwenye kuichora kwenye karatasi na akaipenda, aichore tena kwa kujaza vivuli peke yake bila mistari ya nje, ndipo ajue kama umbo lina nguvu au linabebwa na mistari tu.

Mpenda Ushindi amejibu:

Kuhusu kura, mimi naunga mkono. Bila mshindi hakuna moto. Wekeni zawadi ndogo, hata bando la intaneti, na mtaona wanaotega wakirudi. Watu wa pwani wanapenda mashindano tangu enzi za mashairi ya kujibizana, sembuse picha.

Mwalimu wa Sanaa amejibu:

Nakubaliana na ndugu hapo juu kwamba kura italeta msisimko, lakini kwa kundi dogo la marafiki nina wasiwasi nayo. Atakayeshinda mara nyingi ni yule aliyekuwa hodari tangu mwanzo, na anayehitaji mazoezi zaidi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuondoka. Isitoshe, kura haisemi kwa nini. Mtu akipata kura moja hajui kama tatizo ni rangi, herufi au mpangilio.

Tofautisheni pia zoezi lenu na mazoezi makubwa yanayofanywa duniani. Inktober, iliyoanzishwa na mchoraji Jake Parker mwaka 2009, humtaka mtu achore kwa wino kila siku ya mwezi wa Oktoba. 36 Days of Type, iliyoanzia Barcelona mwaka 2014, humpa mshiriki herufi au tarakimu moja kwa siku. Michael Bierut naye aliwapa wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Yale kazi ya kuchagua tendo moja la usanifu na kulirudia kwa siku 100. Hayo yote hujenga ustahimilivu, na hufanywa na watu wengi ambao hawajuani. Nyinyi mna kitu ambacho wao hawana: mnaweza kukaa barazani, kazi zikiwa mbele yenu, na kuambiana ukweli bila kuvunjiana heshima. Wiki nzima kwa kazi moja ina maana ikiwa muda huo unatumika kwa mazungumzo pia.

Utaratibu ninaoutumia darasani ni huu. Kazi huwekwa mbele bila mwenyewe kuieleza. Wengine husema kwanza wanachokiona na kwa mpangilio gani jicho lao lilitembea, bila kusifu wala kulaumu, na mwenye kazi hunyamaza. Mara nyingi hapo hapo hugundua kwamba kile alichodhani ndicho kikuu hakikutajwa na mtu. Kisha huulizwa mteja alitaka nini, na wote huangalia kama kazi inatimiza hilo. Mwishoni kila mtu hupendekeza badiliko moja pekee, lenye sababu. Neno "nzuri" peke yake halikubaliwi, na "mbaya" pia. Vijana huona tabu mwanzoni, hasa mdogo anapotakiwa kumkosoa mkubwa wake, kwa hiyo ni vyema wakubwa watangulie kuweka kazi zao zikosolewe.

Na mara kwa mara iwepo wiki isiyo na mada mpya, ambayo kila mmoja anarudia kazi yake ya nyuma kwa kufuata maoni aliyopewa. Nikilazimishwa kuchagua ushauri mmoja kati ya yote niliyoyaandika, ningechagua hilo.

Binti wa Kaloleni amejibu:

Naomba nijibu swali la urithi, kwa maana limepitwa haraka. Nakshi ya maua ya mlango ni pambo, na mafundi wenyewe wamekuwa wakiigana kwa muda mrefu. Lakini siyo kila kilichochongwa pwani ni pambo. Sisi Wagiriama tuna vigango, nguzo zinazosimikwa kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki, na michongo yake ya pembetatu huwavutia sana wasanifu. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo kama sanaa ya kupambia nyumba, na baadhi vimerejeshwa Kenya baada ya juhudi kubwa. Kukiona kigango kwenye fulana au kwenye lebo ya chupa ni jambo linaloumiza, hata kama aliyekichora hakuwa na nia mbaya.

Kisheria pia, Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni za jamii, kwa hiyo anayetaka kuuza kazi iliyotokana na alama ya jamii fulani anapaswa kupata ridhaa yao kwanza. Kwa mazoezi ya ndani ya kundi sheria haitawasumbua, ila mazoea ya mazoezini ndiyo mtu huenda nayo kazini. Ningependekeza kwamba yeyote anayeleta alama ya urithi aeleze kwa sentensi chache imetoka wapi, hutumika kwa ajili gani, na ni nani aliyemweleza.

Msanifu wa Langoni (Lamu) amejibu:

Nawashukuru nyote, na shikamoo kwa Mzee Fundi. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana na tumekubaliana kuacha kura, ingawa Mpenda Ushindi ana watetezi wake humu kundini na huenda suala hilo likarudi. Kila mada sasa itakuwa na mteja, kipimo na idadi ya rangi, na yule anayetoa mada ndiye atakayesimama kama mteja siku ya kuzitazama kazi, awe na haki ya kukataa. Pendekezo la Binti wa Kaloleni limepita bila ubishi.

Tunaanza na wiki ya bikari, kisha kanga kwa mfuatano uliotajwa. Pindo litatokana na duara na vituo vyake sita, nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi ya A4, na lizunguke pembe zote nne. Baada ya hapo itakuwa wiki ya kurudia. Kwa walioko Malindi mnaotaka kushiriki, kazi zipokelewe kabla ya Alhamisi saa tatu usiku ili nipate muda wa kuzichapa, na tafadhali zitumwe kama hati.

Mpiga Chapa wa Malindi amejibu:

Nitashiriki. Acheni ukingo mtupu wa milimita 5 kila upande, kwa sababu printa nyingi hazifiki mwisho wa karatasi na pindo lenu litakatwa.